Mdogo Wangu, Usigawe Ng'ombe wa Boma

Wadogo zangu, leo vuteni vigoda mkae karibu. Nina neno na ninyi mnaoandika programu mahali pa kazi, na najua mko wengi kuliko mabosi wenu wanavyodhani. Mmoja ni afisa TEHAMA wa halmashauri. Mwingine ni mwalimu wa hesabu. Mwingine ni tabibu wa zahanati aliyejifundisha mwenyewe, usiku baada ya zamu, kwa simu na bando la kuungaunga. Barua yako ya ajira haisemi popote kwamba wewe ni mwandishi wa programu. Uliona tu rejesta zinavyokuumiza mgongo kila mwisho wa mwezi, ukihesabu wajawazito na watoto wa chanjo kwa kidole, ukaamua kutengeneza kijiprogramu cha kukuhesabia. Kikafanya kazi. Mganga mfawidhi akakisifu kwenye kikao, zahanati ya jirani ikakiomba, na sasa kuna mtu wa Musoma anakitaka na mwingine wa Kisii anauliza bei. Na wewe, na moyo wako mweupe, umekaa kitandani usiku huu kidole kiko juu ya kitufe: ukiweke GitHub, wazi, anayekitaka akichukue bure.

Toa hicho kidole kwanza, mdogo wangu.

Sikukatazi kutoa. Dada yako anapenda mtu anayetoa. Ninachokuuliza ni kimoja: unachotaka kutoa ni chako? Najua utakavyonijibu, maana barua zenu karibu zote zinasema hivyo hivyo: "Dada, si nimeandika mimi kwa mikono yangu?" Ndiyo, umeandika wewe. Lakini ngoja nikuulize swali lingine, wewe mura, kijana wa Kenyamonta huku kwetu Mara. Umechunga kundi la mzee tangu ukiwa mdogo. Unamjua kila ng'ombe kwa rangi yake, kwa pembe zake, hata kwa hasira zake. Akija rafiki yako akasema ndama huyu nimempenda, unaweza kumfungulia zizi aondoke naye bila kumwambia mzee? Huwezi, na hata hujafikiria. Wala si kwamba mzee ni mchoyo; pengine ungemwomba angekwambia mpe na mwingine. Tatizo ni kwamba umetoa kilicho mikononi mwako lakini si chako peke yako, na yule rafiki uliyemtakia mema amekwenda kwao na ndama mwenye kesi.

Hapo kwenye kesi ndipo wengi wenu hampatazami. Mnafikiri mkikosea mtagombezwa ninyi tu, basi. Hapana. Leseni unayoiweka kwenye programu ni ruhusa, na ruhusa hutolewa na mwenye mali. Kama mwenye mali ni hospitali au halmashauri, na wewe ukatia leseni kwa jina lako, basi ile zahanati ya jirani iliyoipokea kwa furaha imepokea ruhusa isiyo na miguu. Siku mwajiri akibadilika, akaja mkurugenzi mpya mwenye maswali, wao ndio watakaoambiwa waache kutumia kitu walichokwisha kukizoea. Wewe ulitaka kuwasaidia, na umewaachia mzigo.

Tuisogelee sheria kidogo, usiogope, sitakuchosha. Hapa kwetu Tanzania iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ndani yake programu za kompyuta zinalindwa pamoja na maandishi mengine. Maana yake ni kwamba msimbo ulioandika jana usiku tayari una mwenyewe, hata kama hakuna aliyeusajili popote. Huyo mwenyewe ni nani? Hapo ndipo ajira inapoingia. Majirani zetu wa Kenya wameliweka wazi katika sheria yao ya mwaka 2001: kazi uliyoifanya ndani ya ajira yako, hakimiliki yake inahesabiwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Huku kwetu nako jambo la kwanza ni kuchukua mkataba wako na kuusoma. Na usiniambie hujui uko wapi! Utafute kwenye bahasha ya vyeti. Angalia kama kuna mstari unaozungumzia kazi za ubunifu, uvumbuzi, hakimiliki, au mali ya taasisi. Ukiukuta, sasa unajua umesimama wapi. Usipoukuta, usishangilie, kimya cha mkataba hakijawa ruhusa. Nenda kwa mwanasheria wa halmashauri au wa taasisi umuulize kwa adabu. Kuuliza si ujinga.

Halafu kuna ninyi wajanja wa saa. "Dada, niliandika usiku, kwa kompyuta yangu, kwa umeme wangu wa sola." Sawa, hilo lina uzito wake, sikatai. Lakini jipime kwa ukweli. Tatizo ulilolitatua ulilijulia wapi? Fomu ulizozifuata ni za nani? Uliijaribu kwa takwimu za wapi? Ulipokwama, ulimuuliza nani, na mlikuwa wapi? Ukikuta majibu yote yanarudi kazini, saa ya ukutani haitakuokoa peke yake. Jambo likiwa na utata namna hiyo, dawa yake ni karatasi yenye sahihi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na waliosema hawakuwa wameona kompyuta.

Sasa nije kwenye kinachowashinda kweli, maana nawajua. Si sheria. Ni hofu. Unaogopa ukimwambia bosi atasema hapana. Unaogopa ataichukua programu akajitangazia yeye. Unaogopa atakuuliza, "Kumbe muda wa kazi ulikuwa unafanya haya?" Basi unaamua kukaa kimya na kuificha, ukijiambia kwamba kuomba radhi ni rahisi kuliko kuomba ruhusa. Mdogo wangu, mtu akianza kuficha kitu kizuri, kile kitu huanza kuonekana kibaya. Siku itakapojulikana, hakuna atakayezungumzia jinsi ilivyowarahisishia kazi. Watazungumzia jinsi ulivyoficha. Bora lawama ya leo kuliko fedheha ya kesho. Na wengi wenu mkienda kuomba mtashangaa: bosi hakatai, ila hajawahi kuulizwa swali hilo maishani mwake na hajui ajibu nini. Ndiyo maana nitawaambia cha kumpelekea mkononi.

Lakini kwanza niwape habari ya mwaka mmoja, 1993, mwone kwamba hata wakubwa wa dunia walipita hapa hapa mnapopita.

Pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, alikuwapo mfanyakazi aitwaye Tim Berners-Lee. Mwaka 1989 aliwaandikia wakubwa wake pendekezo la kuunganisha nyaraka za watafiti, na kutokana na pendekezo hilo ukazaliwa huu wavuti tunaoutumia wote leo. Programu zake ziliandikwa kazini, kwa mshahara wa kazini. Lakini kuziachia umma hakukuwa uamuzi wake peke yake. Alizungumza na taasisi yake, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatoa waraka wenye sahihi za wakurugenzi wawili ukisema programu za msingi za wavuti zimewekwa mikononi mwa umma, bila malipo kwa mtu yeyote. Karatasi, mdogo wangu. Sahihi mbili na tarehe.

Mwaka huo huo, Marekani, wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa na mfumo wao uitwao Gopher. Ulikuwa umetoka mwaka 1991, ulikuwa unapendwa, na watu wengi waliujua kuliko huo wavuti. Basi chuo kikatangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa seva zake watatakiwa kulipia leseni. Watu waliokuwa wakiutumia waliingiwa na wasiwasi: leo wanadai hawa, kesho watadai nani? Wakaanza kuhama. Leo ukimtajia kijana jina la Gopher atadhani ni jina la mnyama tu, na hakosei. Sisemi malipo peke yake ndiyo yaliyouua, maana wavuti nao ulikuwa na mvuto wake. Lakini angalia tofauti: taasisi moja ilisema neno moja wazi na watu wakajenga juu yake bila hofu, nyingine ikasema neno lililowatia watu mashaka baada ya kuwa wamekwisha kuzoea. Ndiyo maana nawaambia mabosi wanaosoma hapa kwa kujificha kwamba mnachokisema na mnachokinyamazia kuhusu kazi za vijana wenu kina matokeo.

Yuko na wa tatu, wa kabla ya mwaka huo, naye mkali kidogo. Richard Stallman, mwandishi wa programu wa chuo cha MIT, alitaka kuandika mfumo mzima ambao watu wangekuwa huru kuutumia na kuubadilisha. Januari 1984 aliacha kazi yake pale MIT, kusudi chuo kisije kikadai kwamba alichokiandika ni mali yake. Mwone mtu alivyolichukulia uzito jambo hili! Na hata leo, kwenye leseni ya GPL aliyoianzisha, mwishoni kuna ushauri kwa mwandishi wa programu: ukiwa umeajiriwa, mpate mwajiri wako atie sahihi kwamba hadai hakimiliki ya kazi hiyo, ikibidi. Kwa hiyo huyu dada yako anayekusumbua na karatasi hajaitunga yeye. Ila nakuomba, usisome habari hii ukaenda kesho kumtupia mkurugenzi barua ya kuacha kazi. Una wadogo zako wanaokutegemea ada. Stallman alikuwa na yake, wewe una yako. Barua ninayokutuma ni nyingine.

Mtaniuliza, "Dada, huko ni Ulaya na Marekani, sisi huku inatuhusu nini?" Inawahusu sana, na mnayo mfukoni. Mwaka 2008, pale Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, wanachuo na walimu wao waliandika programu ya kukusanya taarifa kwa simu iitwayo Open Data Kit, na ikatolewa kwa leseni huria. Leo ipo kwenye simu za watu wanaofuatilia ukatili dhidi ya wasichana katika vijiji vya Serengeti. Wataalamu wa SACIDS, kituo cha ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliitumia kama msingi wa AfyaData, programu ya kuripoti magonjwa ya watu na mifugo, ikajaribiwa pia Ngorongoro, jirani zetu kabisa. Hakuna aliyelazimika kupanda ndege kwenda Seattle kuomba. Ruhusa ilikuwa imekwisha kuandikwa, na ikawafikia watu ambao walioiandika hawakuwajua.

Kuna na za hapa Afrika Mashariki. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, ukaanza kutumika Eldoret mwaka 2006, na sasa uko katika nchi nyingi. DHIS2, huo ambao wewe mtu wa afya unajazia taarifa zako za mwezi na kuulaani mtandao ukikatika, unasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vilivyoshirikiana nacho kwa miaka mingi. Nao ni huria. Chuo hicho hicho cha Dar es Salaam, mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Wengi wao walikuwa watu wa mishahara, wenye mabosi na fomu za likizo kama ninyi. Kilichowawezesha ni kwamba nyuma yao taasisi zilisema ndiyo, zikaliandika hilo ndiyo.

Sasa niwakanye kwa jambo ninaloliogopa zaidi, na hapa sitanii.

Mwaka 2015 ulianzishwa mradi wa Crowd2Map wa kuchora vijiji vya Tanzania kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia. Moja ya sababu ilikuwa hapa hapa kwetu Mara: binti anayekimbia ukeketaji anapopiga simu, anayemfuata lazima ajue kijiji kiko wapi na njia inapita wapi, na ramani za zamani zilikuwa tupu. Mama Rhobi Samwelly na wenzake wanaowahifadhi mabinti hao Mugumu na Butiama wanajua maana ya njia iliyochorwa na njia isiyochorwa. Kwa hiyo barabara, mito, shule, zahanati, vyote vimewekwa wazi, na uwazi huo umeokoa. Lakini jina la binti, namba ya simu ya aliyetoa taarifa, kijiji alichotoka na siku aliyotoka, hayo yakiwekwa wazi yanaweza kumrudisha mikononi mwa waliokuwa wanamtafuta. Kazi ni hiyo hiyo moja, watu ni wale wale, na kuna sehemu ya kufungua na sehemu ya kufunga. Ukichanganya, wema wako unamuumiza mtu ambaye hujawahi kumwona.

Basi kabla hujatoa chochote, pekua. Msimbo ni kitu kimoja na taarifa za watu ni kitu kingine. Faili la mfano uliloliweka ili programu ionekane inafanya kazi, lile lenye majina, ni majina ya nani? Kama ni ya wagonjwa wako wa kweli, umekwisha kujikwaa, maana tangu Mei 2023 nchi hii inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Tunga majina ya uongo. Neno la siri la kuingilia kwenye seva umeliandika ndani ya msimbo? Najua umeliandika, wote huliandika. Na usifikiri kulifuta leo kunatosha: kumbukumbu za mabadiliko hutunza kila ulichowahi kuandika, na kuna watu kazi yao ni kupekua humo. Badilisha neno lenyewe la siri, halafu anza na nakala safi isiyo na historia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta utaujenga mbele ya kamati ya nidhamu.

Kosa jingine la kila mara: mtu anaweka msimbo wazi, bila leseni, anasema ameutoa. Hujautoa. Kinachoonekana si lazima kiwe kinaruhusiwa. Bila leseni, watu wanautazama tu. Mwenye busara hataugusa. Chagua leseni, nazo si ngumu kama mnavyotishana. MIT na BSD zinasema, kwa kifupi, chukua, tumia, uza ukitaka, ila tangazo la hakimiliki na leseni yenyewe vibaki. Apache inafanana nazo, ikiongeza maneno kuhusu hataza. GPL inasema chukua, lakini ukiibadilisha na kuisambaza, nawe uitoe kwa uhuru huo huo na msimbo wake. Na kama umejenga juu ya kazi ya wenzako, soma kwanza leseni zao, maana inaweza kuwa hata mkurugenzi hana uhuru wa kuchagua. Aliyekutangulia amekwisha kukuchagulia. Vilevile kama mradi ulilipiwa na mfadhili, mkataba wa mfadhili usomwe. Mingine inataka kazi itolewe wazi, mingine inataka idhini yake kwanza.

Nigeukie sasa kwa wakubwa. Shikamooni mabosi. Ninyi waganga wakuu, wakuu wa vyuo, wakurugenzi na viongozi wa mashirika, nisikilizeni bila kukunja uso. Kijana wako anapokuja na ombi hili, usimwache akisubiri mpaka akate tamaa. Kila taasisi yenye mtu mmoja anayeandika programu inahitaji sera, hata kama ni ya ukurasa mmoja. Iseme kazi gani ni ya taasisi na kazi gani ni ya mtu mwenyewe. Imtaje anayeidhinisha kutolewa kwa programu, kwa cheo, ili akisafiri kaimu wake ajue. Iweke muda wa kujibu. Iseme leseni mnayoipendelea ni ipi, ili kila mara msianze mjadala upya. Imtaje anayekagua kwamba hakuna taarifa za watu wala maneno ya siri. Iruhusu mfanyakazi kuchangia marekebisho madogo kwenye programu huria za wengine mnazozitumia bila kuomba kibali kila mara, maana mkizitumia bure siku zote bila kurudisha hata kidogo mnajitia aibu. Na kama ninyi ni taasisi ya umma, kumbukeni kuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na viwango na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao vinawahusu. Sera yenu ikae chini ya hivyo.

Na jambo moja zaidi kwenu wakubwa, kutoka moyoni. Mtajeni aliyeandika. Hata pale hakimiliki inapokuwa ya taasisi, sheria yetu inatambua haki ya mtunzi kutajwa kwa kazi yake. Kijana aliyekesha akaona jina la idara limeandikwa juu na lake halipo popote, hatawaletea kitu kingine. Atakuwa anakuja saa moja na nusu, anaondoka saa tisa na nusu, na kichwa chake amekiacha nyumbani. Hamtajua mlichokipoteza, kwa sababu hamkuwahi kukiona.

Turudi kwako, mdogo wangu, maana najua hapo uliposoma umetikisa kichwa ukasema naam, dada amewapa. Wewe nawe sijakumaliza. Kutoa programu siyo kuitupa. Ukiitoa, watakuja watu: mmoja atakushukuru, mwingine atasema haifanyi kazi kwenye simu yake, wa tatu atakugundulia tundu la usalama saa nne usiku. Ahadi ni deni. Kama huna muda, andika wazi kwenye maelezo yake kwamba inatolewa ilivyo na kwamba hutaweza kujibu kila mtu. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuacha zahanati za watu zikitegemea kitu ulichokwisha kukisahau, bila kuwaambia. Na fikiria siku utakapohamishwa. Akaunti iwe ya taasisi, si ya simu yako. Wawepo watu wawili wenye funguo. Maelezo ya kuisimika yaandikwe kwa lugha ambayo mrithi wako ataielewa. Ukienda Tarime au ukienda Dodoma, kazi ibaki imesimama.

Haya, karatasi ndiyo hii. Kesho asubuhi, kabla hujafungua kompyuta, andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi au mganga mkuu, ipitie kwa mkuu wako wa idara, usimruke, maana ukimruka hata jambo jema litapata adui. Andika jina la programu na inachofanya, kwa mistari michache ambayo mtu asiyejua kompyuta ataielewa. Andika iliandikwa na nani, lini, na kwa vifaa vya nani. Sema ukweli hata kama haukupendezi. Taja kazi za wengine ulizozitumia ndani yake na leseni zao. Thibitisha kwamba haina taarifa za mgonjwa, mwanafunzi au mteja yeyote. Pendekeza leseni, ueleze kwa sentensi moja kwa nini. Eleza taasisi itapata nini: jina lake kujulikana, makosa kugunduliwa na wengine, wenzao kuongeza vipengele ambavyo ninyi hamna muda navyo. Omba idhini ya maandishi, na uache nafasi ya sahihi, cheo, tarehe na muhuri. Piga nakala, moja masjala, moja kwako.

Akikubali, toa kwa kifua wazi. Akikataa, muulize sababu kwa heshima, maana mara nyingine sababu ni ya kweli na wewe hukuiona. Ukiona si ya kweli, subiri, rudi tena na hoja bora, na hapo katikati usiibe. Njia za mkato zimewaponza walio hodari kuliko wewe. Akinyamaza, mkumbushe kila baada ya muda kwa maandishi, siyo kwenye korido. Na kama programu yenyewe iko nje kabisa ya kazi yako, ile ya kuhesabu michango ya harusi au ya ratiba ya kwaya, bado mwombe akuandikie mstari mmoja kwamba taasisi haina dai. Mstari huo atauandika akiwa anacheka, lakini utakufaa siku ambayo hakuna anayecheka.

Kama una swali, niandikie. Ila mkataba wako uwe umekwisha kuusoma, maana jambo la kwanza nitakalokuuliza ni hilo.